Mwili wa Nani? Kumsoma Everlyn Nicodemus kwa Macho ya Singida

Wahakiki wetu wamezoea riwaya, tamthilia na ushairi. Picha wanawaachia watu wa sanaa za ufundi, kana kwamba picha haina dhamira. Katika makala haya nitavuka mpaka huo nihakiki kazi za Everlyn Nicodemus, mchoraji na mshairi aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Nitazisoma nikiwa mtu wa Singida, kwa sababu huko kwetu mambo ya mwili wa mwanamke huamuliwa angali mchanga, na anayeamua si yeye.

Msanii mwenyewe

Nicodemus alihamia Sweden mwaka 1973, akasoma anthropolojia ya jamii mjini Stockholm. Uchoraji alijifunza mwenyewe. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Kati ya 1984 na 1986 alifanya mradi ambao kwa Kiswahili tungeuita "Mwanamke Ulimwenguni", uliomfikisha kwa wanawake wa Denmark, Tanzania na India. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London ilipata picha aliyojichora mwaka 1982. Ikawa picha ya kwanza ya rangi ya msanii mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia humo. Miaka arobaini, ndugu msomaji!

Fani

Katika mradi ule Nicodemus hakuanza na brashi. Aliketi kwanza na wanawake, wakazungumza maisha yao, ndipo akachora na kuandika mashairi. Picha zenyewe nimezitazama katika nakala tu, kwa hiyo juu ya rangi sitasema mengi. Lakini umbo linaonekana wazi: miili imefumana, sura moja imeingia ndani ya nyingine, mpaka mtazamaji anajiuliza mkono huu ni wa nani. Kwangu mimi hapo ndipo fani inapobeba maudhui. Mwanamke hawekwi peke yake katikati ili atazamwe. Yumo katika mazungumzo na wenzake.

Sasa linganisha na mabango ya kupiga vita ukeketaji tuliyoyazoea: wembe, damu, mtoto analia. Mabango hayo yana nia njema. Lakini kisanaa yana wahusika wawili tu, mnyama na mawindo. Bibi aliyempeleka mjukuu wake kwa ngariba anajiona pale ndiye mnyama. Basi ananyamaza, na kazi inafanyika usiku.

Maudhui: hadithi ya lawalawa

Mtu wa Singida au Dodoma hahitaji kuelezwa lawalawa ni nini. Ni jina wanalopewa watoto wa kike wakipata maambukizi sehemu za siri au njia ya mkojo, na eti dawa yake ni kukata. Imani hii ilienea baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilipoanza kuipiga vita mila ya kukeketa. Mila ikavaa koti la ugonjwa. Kifasihi, lawalawa ni masimulizi yaliyokamilika: yuko mgonjwa, yuko mtabibu, na mwisho wake ni mwema. Ndiyo maana sheria peke yake imeshindwa kuyafuta. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini, au vyote viwili. Lakini mama anayeamini anamtibu mwanawe hajioni mhalifu. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulionyesha kuwa Singida asilimia 31 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kitaifa ni asilimia 10. Mwaka 2022 ile ya taifa ilikuwa 8. Inashuka, ndiyo, ila mtoto mchanga hajui asilimia.

Hoja yangu ni kwamba masimulizi hushindwa na masimulizi mengine. Njia ya Nicodemus, ya kusikiliza kabla ya kuchora, inampa bibi yule nafasi ya kusema alichoogopa. Akishasema "niliogopa mtoto atakufa", hapo ndipo muuguzi anaweza kumjibu kwamba maambukizi yale yana dawa zahanati. Na asituambie mtu kwamba mwanamke wa Kinyaturu hana kauli. Singida ndiyo inayosimulia habari za Liti Kidanka, mwanamke aliyewakabili Wajerumani kwa nyuki.

Kasoro

Hata hivyo sitaki kumpamba msanii. Kazi hizi zimeishi zaidi katika kumbi za Ulaya kuliko huku zilikochota uhai, na maandishi yanayozieleza hayako katika lugha ya mama wa Iramba au Ikungi. Pia miili kufumana kuna hatari yake. Tukisema wanawake wote ni mwili mmoja, tunaweza kusahau kwamba wa Skive na wa Singida hawakukatwa sawasawa. Aliyekatwa ni huyu, kwa jina lake. Tena picha haitibu. Zahanati isiyo na dawa itamrudisha mama kwa ngariba hata kama ukuta wake umejaa sanaa.

Hitimisho

Pamoja na kasoro hizo, naziona kazi hizi kuwa shule kwa wasanii wetu. Anayetaka kuchora afya ya mwanamke Singida aanze kwenye benchi la kliniki siku ya kupima watoto, asikilize, kisha achore, na picha azitundike palepale. Watazamaji wa kwanza wawe wale waliozungumza. Wao ndio watakaotuambia kama mwili uliochorwa ni wao.