Steringi Hafi

Katika mabanda ya video palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyepata kuiandika: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini atarudi, na adui atakiona cha mtema kuni. Sheria hiyo ilitosha kabisa kwa picha za mapigano. Kwa filamu za taharuki haitoshi, na hapo ndipo mimi huanzia kuzipambanua aina zake. Huuliza: hii inamfanya nini steringi, na sisi tunaotazama inatuweka upande wa nani?

Wauza kanda walizigawa kwa kazi za wahusika. Penye jasusi, ya kijasusi. Penye wakili, ya mahakamani. Penye kichaa na kisu, ya kisaikolojia. Mgawanyo huo unafaa kwenye rafu za duka, lakini haukuambii utahofia nini. Wala taharuki si upelelezi. Waliosoma visa vya Bwana Msa, alivyotuandikia Muhammed Said Abdulla, wanajua kwamba humo maovu yamekwisha kutendeka na kazi iliyobaki ni kurudi nyuma kumtafuta mtendaji. Taharuki hutazama mbele. Hitchcock alimweleza Truffaut jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla, watazamaji watashtuka kwa sekunde 15 basi. Wakijua lipo na saa inakwenda, hata maongezi ya kipuuzi yatawatoa jasho kwa dakika 15.

Chukua Gaslight ya mwaka 1944, ya George Cukor. Steringi ni mke, Ingrid Bergman. Adui ni mumewe, anayekula naye meza moja. Taa ya gesi chumbani mwa mke hufifia kila usiku mume akishatoka, naye anaaminishwa kwamba kinachofifia ni akili yake. Sisi tunamshuku mume mapema, tena hatuna uwezo wa kumwonya mke. Kikulacho ki nguoni mwako, na wengi wetu tumemjua mwanamke aliyeambiwa ana wazimu hata naye akakubali. Filamu za namna hii hudharauliwa ati ni za kina mama kwa sababu hazina risasi. Mimi naziona ndizo za kutisha zaidi.

Psycho, ya mwaka 1960, iliivunja sheria ya banda hadharani. Marion Crane anaiba dola 40,000, anakimbia, tunamfuata kwa huruma, na kabla filamu haijafika nusu anauawa bafuni. Steringi amekufa! Tubaki na nani? Kila mtu hukumbuka kisu. Kwangu mimi kiini ni kinachofuata: Norman Bates anasafisha damu, anaipakia maiti kwenye buti la gari, analisukuma gari kinamasini. Gari linazama, kisha linasita. Pumzi zinatukwama, tunaomba lizame. Dakika chache tu zilizopita tulikuwa tukimlilia marehemu. Waigaji wengi wa Hitchcock walichukua kisu, kinamasi wakakiacha.

Za kijasusi nitazipita haraka, maana nyingi ni picha za mapigano zilizovaa suti. Za siasa ni jambo jingine, kwani humo adui hana sura ya kupigwa ngumi. Iliyo bora kwangu ni The Conversation ya Francis Ford Coppola. (Anayetaka kuiona kwanza, aishie hapa.) Ilitoka mwaka 1974, miezi michache kabla ya Nixon kujiuzulu, ingawa Coppola alikuwa ameanza kuiandika miaka ya 1960. Harry Caul, aliyechezwa na Gene Hackman, anaishi kwa kunasa maongezi ya watu kwa siri. Anawanasa kijana na msichana wakitembea katikati ya umati huko Union Square, San Francisco, na kutokana na sentensi moja anaamini watauawa. Ni mtu wa dhamiri, anateseka. Kumbe aliyepaswa kuhurumiwa ni mwingine. Harry alisikia kila neno. Mkazo wa sauti ndio uliompita, na mtu akafa.

Nasi tulisikia ukanda uleule mara nyingi kama yeye, tukasadiki alivyosadiki. Hakuna bomu tulilooneshwa chini ya meza.

Humo steringi hafi. Anaambiwa kwa simu kwamba naye anasikilizwa. Basi anang'oa mbao za sakafu, anachana karatasi za ukutani, anavunja hata sanamu ya Bikira Maria akitafuta kinasa sauti, na hakioni. Kamera inamtazama toka juu, ikienda huku na kurudi kama mlinzi wa zamu, naye amekaa katikati ya kifusi cha nyumba yake akipuliza saksafoni.