Besi Nyingi, Maneno Kidogo

Hapa kwetu Fizi na Baraka tumezoea kuchambua siasa, vitabu na miziki. Leo nataka kuchambua kitu ambacho kiko ndani ya nyumba zetu na tunakipitia kila jioni: sauti ya salo zetu. Msimamo wangu nautoa mapema. Vijana wengi tunatumia makuta mengi kuboresha homu sinema, halafu tunapata sauti kubwa zaidi na maneno machache zaidi. Tunanunua ngurumo, mazungumzo yanapotea.

Angalia vile mambo yanaenda. Mtu anapata kazi ya kwanza, labda kwenye shule, labda kwenye shirika. Akishasaidia nyumbani, ananunua televizio. Televizio za siku hizi ni nyembamba, spika zake ni ndogo na mara nyingi zinatazama chini au ukutani, kwa hiyo watu wanasikika kama wanaongea ndani ya kopo. Hapo anaamua kutafuta homu sinema. Anafika sokoni, muuzaji anaweka muziki, wufa inapiga, kifua kinatetemeka, mtu anasema: "Hii njo yenyewe!" Hakuna anayemuomba muuzaji aweke habari za radio, wala filamu ambamo watu wawili wanaongea polepole. Kitu cha kutumia nyumbani tunakipima kwa kipimo cha baa.

Namba za kwenye karatoni nazo zinatudanganya. Utakuta imeandikwa maelfu ya wati, na pembeni herufi nne: PMPO. Namba hiyo haina kanuni moja ambayo kila kiwanda kinaifuata, kila mmoja anaikokotoa vile anataka. Inayosaidia ni ile ya RMS, yaani nguvu ambayo ampli inaweza kuitoa kwa kuendelea. Kama haikuandikwa, geuza mashini uangalie mgongoni, pale wanapoandika inakula wati ngapi. Mashini inayokula wati 60 haiwezi kukutolea wati 1,000 za kuendelea. Hiyo ni fizikia ya sekondari, haihitaji diploma.

Tena hata wati za kweli hazifanyi kazi vile tunafikiri. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 10 mpaka 20, sauti inapanda desibeli 3 tu. Sikio linatambua tofauti, lakini ni ndogo. Ili mtu asikie kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, na hiyo ni nguvu mara kumi. Kwa hiyo yule aliyeacha ampli ya wati 30 akalipa zaidi kwa ya wati 60 amenunua desibeli 3. Na kwenye salo ya mita nne kwa nne, wati chache tu zinatosha kabisa kwa filamu.

Sasa tufike kwenye maneno. Sauti ya mtu anayeongea inaanzia chini, karibu Hz 100 kwa wanaume na Hz 200 kwa wanawake. Lakini kinachotufanya tutofautishe neno na neno kinakaa juu zaidi, hasa kati ya Hz 1,000 na 4,000, na herufi kama s, f na sh zinapanda hata kupita hapo. Simu za zamani zilibeba kutoka Hz 300 mpaka 3,400 tu, na watu walielewana, juu maneno yanaishi humo.

Fikiria lugha yetu wenyewe. Alifika, alipika, alishika. Vokali ni zile zile, konsonanti moja tu ndiyo inabadilisha habari yote. "Amepata mtoto" na "amekata mtoto" ni habari mbili ambazo hutaki kuzichanganya. Kibaya zaidi, sikio liko na tabia moja: sauti nzito ikiwa kubwa inafunika sauti nyembamba, na nyembamba haiwezi kuifunika nzito kwa urahisi kama huo. Ndiyo maana wufa ikinguruma, unasikia kwamba kuna mtu anaongea lakini husikii anasema nini. Unaongeza sauti ili umsikie, wufa nayo inapanda pamoja naye. Mwisho majirani wanajua kwamba unaangalia filamu, na wewe mwenyewe hujui hadithi imefika wapi.

Mwingine atasema: "Shida iko wapi? Nasoma maandishi ya chini." Wewe unasoma. Na hapa njo ninaposema jambo hili haliko la starehe peke yake. Ndani ya salo hiyo kuko mama mzee ambaye hakusoma Kifaransa, kuko watoto ambao bado wanaunganisha silabi, kuko baba ambaye macho yamechoka. Kwao filamu ni sauti. Wengi wa hapa kwetu wamepitia Nyarugusu na Lugufu, kule mkoa wa Kigoma, na wamezoea filamu zenye mtu wa kutafsiri kwa Kiswahili juu ya picha. Lufufu wa Tanzania alijenga jina lake kwa kazi hiyo, kama vile DJ Afro huko Kenya. Wasomi wengine wanazicheka hizo filamu, mimi siwafuati. Msimulizi mzuri anachukua hadithi ya Hong Kong au ya Mumbai na kuiweka mbele ya mtu wa Mutambala, naye anaielewa, anacheka, anabishana nayo. Lakini kazi yake yote iko ndani ya sauti yake. Ukiifunika na besi, umemfungia mlango yule yule ambaye filamu ilitengenezwa kwa ajili yake. Ni vile vile kwa habari. Radio Okapi inatangaza kwa Kiswahili tangu 2002, na katika sehemu yetu habari ya njia kufungwa au kufunguliwa si kitu cha kusikia nusu.

Najua jibu litakalokuja: "Sisi ni Wakongo, bila besi hakuna muziki." Nakubali kwamba besi ni tamu. Lakini hebu tusikilize rumba yetu vizuri, hii ambayo UNESCO iliiandika kwenye urithi wa utamaduni usioshikika mwezi wa 12, 2021. Sebene inabebwa na magita: solo, mi-solo, akompanyema. Zote ziko katikati ya sauti, jirani kabisa na maneno ya watu. Gita ya besi yenyewe inatembea, inapanda na kushuka, kila noti iko na jina lake. Wufa ya bei ya chini inazigeuza noti hizo zote kuwa noti moja: bum, bum, bum. Mtu anayesema anapenda besi, na sistemu yake inampa noti moja usiku mzima, hajaipata hata hiyo besi yenyewe. Kwa hiyo muziki na maneno havigombani. Vyote vinadai kitu kimoja, sauti ya katikati iliyo safi.

Basi tufanye nini na makuta kidogo tuliyo nayo? Mimi naanza na kile ambacho hakiuzwi dukani: chumba. Nyumba zetu nyingi ziko na sima chini, kuta tupu na mabati juu. Sauti inagonga, inarudi, neno la kwanza linakanyaga la pili. Mwaka 1895, kwenye chuo cha Harvard huko Marekani, mwalimu kijana wa fizikia aitwaye Wallace Sabine alipewa shida kama hiyo. Kulikuwa na jumba jipya la masomo ambamo hakuna aliyemuelewa profesa, neno likitamkwa liliendelea kulia zaidi ya sekunde 5. Sabine hakununua mashini. Alibeba mito ya viti kutoka jumba lingine, akaiongeza kidogo kidogo usiku, akipima kwa saa jinsi sauti ilivyofupika. Kutoka hapo alipata kanuni ambayo wajenzi wanaitumia mpaka leo. Sisi mito tunayo. Mkeka mzito au tapi sakafuni, pazia nene dirishani, viti vya sponji, kabati lenye vitabu na nguo: kila kimoja kinakula mwangwi. Mvua ikipiga mabati ni shida nyingine, hiyo hata mimi naizimia televizio.

Cha pili ni mahali pa kuweka, nacho ni bure. Mabafle mengi yanakaa chini nyuma ya kiti, au juu ya kabati yamefunikwa na kitambaa kizito ili yasishike vumbi. Yaweke urefu wa sikio la mtu aliyekaa, yatazame watu, kitambaa ukitoe wakati wa kusikiliza. Wufa iliyo kwenye kona inaongezewa nguvu na kuta, isogeze hatua moja au mbili, halafu shusha kibonyezo chake cha besi mpaka uanze kusikia herufi. Na kama uko na seti ya mabafle 5, kumbuka kwamba katika filamu nyingi maneno yanatoka hasa kwenye lile la katikati. Nimeona salo ambamo lile la katikati limewekwa nyuma ya televizio juu waya ulikuwa mfupi. Kama huwezi kuliweka mbele, ingia kwenye mpangilio wa mashini uchague "stereo", maneno yagawanywe kulia na kushoto. Bila hivyo unaweza kubaki na magari na risasi, na watu wakawa mbali kama wako ng'ambo ya ziwa.

Cha tatu ndiyo makuta yatoke. Kati ya seti mpya ya plastiki yenye mabafle 5 madogo na mabafle 2 ya zamani ya mbao yenye ampli ya kawaida, mimi nachukua yale 2, ili mradi karatasi zake hazijapasuka na twita zote mbili zinalia. Radio ya gari na spika zake, ndani ya sanduku ambalo fundi wa mbao amelifunga vizuri, nayo inafanya kazi safi, na iko na faida moja kubwa: inatumia volti 12 moja kwa moja kutoka batri. Hapa kwetu ambapo wengi tunaishi kwa sola, hiyo ni pointi ya nguvu. Chukua batri ya Ah 100. Ni Wh 1,200, na kama ni ya risasi ni vizuri usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Televizio ya wati 40 na ampli inayokula 20 zinakupa karibu saa 10. Sistemu ambayo peke yake inakula wati 150, pamoja na televizio hiyo, inakupa karibu saa 3, na konvertisa haijakata sehemu yake. Uliza pia bafle linatoa desibeli ngapi kwa wati moja. Lenye 92 linafanya kwa wati 10 kile ambacho lenye 86 linakifanya kwa wati 40. Hiyo ni batri uliyookoa kila siku ya Mungu.

Wufa ninaiweka ya mwisho. Ikija juu ya kitu kilicho safi, inaongeza raha kweli. Wufa nzuri haijitangazi. Wengi wanaikata karibu na Hz 80, juu ya hapo inawaachia mabafle wafanye kazi yao. Ikiwa unasikia sauti ya mwanaume inatoka ndani ya sanduku la chini, ujue imekatwa juu sana.

Lawama yangu siiweki yote kwa wauzaji. Wao wanauza kile tunachosifia. Sisi tuliosoma ndio tunapeleka picha za wufa kwenye status, na kijana mdogo anayetutazama anajifunza kwamba ukubwa wa sanduku ndio kipimo cha maisha. Tungeweza kumfundisha kipimo kingine, na hakidai mashini yoyote. Weka habari za Kiswahili, sauti iwe ya chini kiasi cha kutosumbua jirani. Muombe mama akae pale anapokaa siku zote, hata kama ni mlangoni akichambua sombe. Habari ikiisha, muulize wamesema nini. Akikueleza yote, sistemu yako ni nzuri, hata kama mabafle ni ya gari. Akikujibu "nimesikia tu wanapiga kelele", usirudi sokoni kutafuta wati zingine. Anza na pazia na mkeka.