Kijani cha Ntiro na Majabali ya Utemini

Watu wa pwani huujua mwaka kwa upepo. Kaskazi ikivuma, kusi ikishika, kila mmoja anajua nini kinafuata baharini na shambani. Utemini, katika mji wa Singida, mwaka hugawika vingine. Huko msimu wa mvua ni mmoja tu, tangu Novemba au Disemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu. Jabali ambalo Januari hung'aa jeusi kwa maji, Septemba huwa la kijivu, limezungukwa na udongo usio na jani. Baina ya miezi hiyo alizeti huchanua, huinamisha vichwa, huvunwa. Maziwa ya Singidani na Kindai, yenye maji ya chumvi, hupungua na kuacha ukingo mweupe.

Je, mwenye kutaka kuyachora mandhari kama hayo ajifunze kwa nani? Aghalabu hutajwa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, ambaye mkondo wake wa uchoraji umeenea hadi katika maduka ya Mji Mkongwe. Lakini kwa Tingatinga mnyama ndiye bwana wa picha, na nyuma yake mara nyingi ni rangi moja tu isiyo na mwezi wala saa. Mwalimu anayefaa zaidi ni Sam Ntiro (1923–1993), mwana wa Machame.

Ntiro alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, ambaye desturi yake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi jambo kisha wao walichore kutoka vichwani mwao. Baadaye alipelekwa Slade, London, na nchi ilipopata uhuru alirudi jiji hilo hilo akiwa balozi. Slade haikumbadili mkono. Watu wake walibaki wadogo, wenye nyuso zisizopambanuka, wakikata miti, wakivuna, wakibeba mizigo. Wapo waliomlaumu kwa hilo, wakidai kwamba alikataa kukua. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli: anayezitazama picha zake nyingi kwa mkupuo mmoja huchoka, kwani mpangilio wa miti na watu hujirudia kama kibwagizo kisicho na beti mpya.

Hata hivyo, yafaa itazamwe kwa utuvu ile picha yake ya 1956, ambayo Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliinunua. Inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Usiku humnyang'anya mchoraji silaha yake kubwa, maana majani mabichi na makavu gizani ni mamoja. Lakini msimu umo katika mzigo wanaoubeba. Kwa desturi ya Wachaga mbege haipatikani bila ndizi zilizoiva na kimea cha ulezi, na ulezi hauji ila umepandwa, umepaliliwa, umevunwa. Kazi ya miezi mingi imetiwa ndani ya chombo, na chombo kimetiwa mikononi mwa watu wanaotembea. Ntiro hakuuchora msimu kwa anga. Aliuchora kwa kazi iliyokwisha kufanywa. Mshairi anaijua njia hiyo. Haji Gora Haji wa Tumbatu, alipoiita diwani yake *Kimbunga* (1994), hakuwa akitoa taarifa ya hali ya hewa.

Na kile kijani chake kisichokoma? Hapo wahakiki wengi hupita haraka mno. Miteremko ya Machame hupata mvua nyingi, na Wachaga tangu enzi walichimba mifongo ya kuteremsha maji ya mlimani hadi migombani, ndiyo maana kihamba huendelea kuwa kibichi nyanda za chini zikiungua. Kijani cha Ntiro, basi, ni ushahidi wa majembe na mashauri ya koo juu ya zamu za maji. Ni rangi iliyofanyiwa kazi.

Hilo ndilo wasiloliona wanaomwiga. Picha zinazouzwa kwa watalii, Arusha hata Unguja, zina mlima wenye theluji, mgunga mmoja na jua jekundu linalozama. Mnunuzi hawezi kujua kama ni Machi au Agosti, wala hakuna mtu ndani yake mwenye jembe. Theluji yenyewe katika picha hizo ni nene kama ya zamani, ilhali barafu ya Kilimanjaro imepungua sana tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Picha inauzika mwaka mzima kwa sababu haina mwaka.

Atakayekaa Utemini na brashi yake akileta huko kijani cha Machame, atakuwa amemwibia Ntiro rangi na kumwachia akili. Singida haina mifongo ya kuuficha ukavu. Hapo Septemba ni lazima iwe Septemba: hudhurungi, kijivu, weupe wa chumvi ukingoni mwa Singidani, na pengine gunia la alizeti limeegemezwa ukutani, limefungwa kwa kamba, likisubiri kupelekwa kukamuliwa.