Jina la «Mnyika» na Hukumu Yake

Nyika ni pori kavu. Mnyika, basi, ni mtu wa huko. Lakini vinywani mwa watu wa kisiwa cha Mombasa jina halikukoma kwenye mahali. Lilitiwa maana ya ushamba na ukosefu wa ustaarabu, likawaangukia majirani wa bara, Wadigo wa Likoni wakiwemo. Krapf na Rebmann walilipokea hivyo hivyo, wakaiita lugha ya watu hao Kinika katika kamusi iliyochapwa mwaka 1887, baada ya kufa kwao.

Ilhali wenyewe walikuwa na makaya yenye malango na mabaraza ya wazee. Katika miaka ya 1940 walishika jina la Mijikenda, yaani miji tisa. Waroma wa Ulaya nao, waliobandikwa Umisri kwa kukosewa asili, walithibitisha jina lao mkutanoni karibu na London mwaka 1971.

Isimu inaikanusha dharau hiyo: Kiswahili na Kimijikenda ni ndugu katika kundi la Sabaki. Amchekaye Mnyika amcheka nduguye. Mtunga kamusi asilifute neno. Alitie alama ya tusi, na aonyeshe nani alimwita nani.