Meza Baada ya Ibada: Tathmini ya Vitabu vya Mapishi ya Waamishi

Kwa kawaida vitabu vya mapishi havihesabiwi miongoni mwa maandiko ya kitheologia, wala mwanafunzi wetu hatumwi maktaba kuvitafuta. Lakini wapo Wakristo ambao ulimwengu umewafahamu zaidi kwa chakula chao kuliko kwa mafundisho yao. Hao ni Waamishi wa Marekani, watu wasiojenga majengo ya kanisa wala vyuo vya theologia. Katika makala hii tunakusudia kupima jinsi vitabu vya mapishi vinavyoieleza meza yao, hasa ile inayoandaliwa baada ya ibada. Hoja yetu ni kwamba vingi kati ya vitabu hivyo vimeacha mambo mawili yaliyo makuu: utaratibu unaoifanya meza hiyo kuwa ya kanisa, na mtu asiyeruhusiwa kuketi mezani hapo.

Kwanza tuitazame meza yenyewe. Waamishi hukusanyika kwa ibada kila baada ya majuma mawili, nyumbani mwa mmoja wao, kwa zamu. Usharika mmoja huwa na kaya kama 25 hadi 40, na kwa hiyo zamu humfikia kila mwenyeji karibu mara moja kwa mwaka. Mabenchi husafirishwa kwa gari maalumu la farasi kutoka nyumba hadi nyumba. Ibada huchukua muda wa saa tatu hivi. Ikiisha, mabenchi yaleyale yaliyokaliwa wakati wa mahubiri huunganishwa kwa vishikizo vya mbao yakawa meza. Wanaume huketi kwao na wanawake kwao. Wazee hutangulia na vijana hufuata, kwa awamu, maana nafasi haiwatoshi wote kwa mara moja. Wote huinamisha vichwa na kuomba kimya kabla ya kula, na tena baada ya kula.

Na chakula chenyewe ni kipi? Ni mkate, siagi ya karanga iliyochanganywa na shira, jibini laini, matango ya siki, bitiruti za siki, na kahawa. Huko Lancaster, Pennsylvania, huongezwa pai ya matofaa yaliyokaushwa. Katika jamii nyingine huandaliwa supu ya maharage. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba orodha hii haibadiliki sana kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mama mwenye uwezo haongezi nyama ili asifiwe, wala mama mwenye shida haoni haya zamu yake inapofika. Usawa huo haukutokea kwa bahati. Ni sehemu ya utaratibu ambao Waamishi huuita Ordnung, unaolenga kuzuia kiburi na kumfundisha kila mmoja kujinyenyekeza mbele ya Mungu na mbele ya ndugu zake.

Sasa tukivigeukia vitabu vinavyouzwa kwa watalii, tunakuta meza nyingine kabisa. Humo Mwamishi ni mtu wa wingi na shibe: nyama, keki, pai za kila aina, na ule usemi maarufu wa vitamu saba na vichachu saba ambavyo eti havikosekani mezani. Mwanahistoria William Woys Weaver, katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya vyakula vya Wajerumani wa Pennsylvania, ameonyesha kwamba usemi huo ulikuzwa na biashara ya utalii, na kwamba Waamishi wamefanywa alama ya mapishi ya watu wengi ambao si Waamishi. Tunakubaliana naye. Ila tungeongeza kwamba upotoshaji huo unaigusa theologia pia, kwa kuwa meza iliyowekwa ili kuzuia mashindano imegeuzwa kuwa kielelezo cha anasa.

Hatuna budi kuvitenga hapa vitabu viwili vya Wamenonite, ambao ni ndugu wa Waamishi kwa asili. Cha kwanza ni kile cha Mary Emma Showalter, *Mennonite Community Cookbook*, cha mwaka 1950, kilichokusanya mapishi ya zamani ya akina mama. Humo imo orodha ya chakula cha siku ya kujenga ghala kwa kazi ya pamoja: pai 115 za limau na mikate midogo 300, miongoni mwa mengine, kwa wanaume 175. Orodha hiyo huwachekesha wasomaji, lakini hata hapo wingi unatokana na kazi: ghala la jirani linajengwa, na wajenzi wana njaa. Cha pili ni cha Doris Janzen Longacre, *More-with-Less Cookbook*, cha mwaka 1976, kilichotolewa kwa agizo la Kamati Kuu ya Wamenonite wakati wa upungufu wa chakula duniani, ili kuwafundisha Wakristo wa Marekani kula kidogo zaidi kwa ajili ya wenye njaa. Hivi vinajua kwamba sufuria nayo huhubiri. Wasomaji wetu watakumbuka kwamba Wamenonite wa Pennsylvania ndio waliofika Shirati mwaka 1934, kwa hiyo jamaa hii si ngeni kabisa kwetu.

Hata hivyo, vitabu vyema navyo vinanyamaza juu ya jambo la pili. Kundi la Waamishi lilizaliwa mwaka 1693 katika ugomvi uliohusu meza. Jakob Ammann alishikilia kwamba aliyetengwa na kanisa asiliwe naye chakula hata nyumbani. Hans Reist alikataa, akiona yatosha kumzuilia Meza ya Bwana. Ammann alitegemea 1 Wakorintho 5:11 na Ungamo la Dordrecht la mwaka 1632, ingawa ungamo hilo hilo linaagiza kwamba aliyetengwa asaidiwe akiwa na njaa au mgonjwa. Hadi leo, katika nyumba nyingine, aliyebatizwa kisha akatengwa huandaliwa meza ya pembeni, labda na mama yake mzazi. Mkate ni uleule, lakini pengo kati ya meza mbili ni hukumu.

Sisi Walutheri tuna neno la kusema hapa, nalo yatupasa kulisema kwa unyenyekevu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 liliwalaani Waanabaptisti, na laana hizo zilitumiwa kuhalalisha mateso yao. Mwaka 2010 huko Stuttgart Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamenonite. Baada ya toba hiyo hatuwezi kuwahukumu kwa wepesi. Lakini katika Makala za Schmalkald za mwaka 1537 Luther alifundisha kwamba utengo wa kweli wa Kikristo ni kumzuilia mkosaji asiyetubu sakramenti na ushirika wa kanisa mpaka atakapotubu, bila kuchanganya na adhabu za kidunia. Kwa kipimo hicho, tunaona kwamba meza ya mama si mahali pa kutekelezea hukumu ya kanisa.

Mwamishi angetujibu kwamba meza isiyo na mpaka haifundishi toba, na kwamba kwao anayetubu kwa kupiga magoti hupokewa tena kikamilifu. Jibu hilo lina uzito, nasi tusilipuuze. Katika sharika zetu tunamtenga mtu na Chakula cha Bwana, halafu mara nyingi hatumwendei tena. Hakuna aliyeagiza ale peke yake. Anakula peke yake kwa sababu tumemsahau. Walau Waamishi wanajua ni nani aliyeko kwenye meza ya pembeni.

Kwa hiyo tunawashauri wachungaji na wanafunzi wavisome vitabu hivi, hasa cha Longacre, lakini wavisome wakijua vimeishia wapi. Mapishi yanaeleza kilichomo sahanini. Hayasemi nani ameketi na nani ametengwa. Swali hilo limeachiwa wachungaji, na baada ya ibada Jumapili ijayo itafaa tuanze kwa kuwahesabu wasiokuwapo.