Picha ya Ndege Kiotani

Picha ya ndege aliyelalia mayai yake huhesabiwa na watu wengi kuwa kitu cha kutazamwa tu, si kitu cha kuhakikiwa. Shairi lina vina na mizani, na mhakiki hujua pa kuanzia. Hadithi ina watu na matendo, na mhakiki huuliza kama matendo hayo yanawafaa watu hao. Lakini picha ya kiotani, husemwa, ni ukweli mtupu: ndege alikuwapo, mwanga ulikuwapo, kamera ikapokea. Shabaha ya insha hii ni kulipinga neno hilo. Picha ya namna hii ina mtungaji, ina mbinu, tena ina jambo inalolificha. Na jambo hilo lililofichwa ni sehemu ya thamani yake, sawa na mwanga na umbo.

Lugha yetu imetangulia kutuonya. Mswahili husema kupiga picha, kwa kitenzi kile kile cha kupiga ngoma na kupiga bunduki. Kitenzi hiki ni kipana, wala si kila apigaye huumiza: apigaye ngoma huwachezesha watu, apigaye bunduki huua. Kwa hiyo mbele ya picha ya ndege, kazi ya kwanza ya mhakiki ni kuuliza ndege huyo alipigwa kwa namna gani.

Miongoni mwa waanzilishi wa sanaa hii walikuwa ndugu wawili Waingereza, Richard Kearton (1862–1928) na Cherry Kearton (1871–1940), wazaliwa wa bonde la Swaledale katika Yorkshire. Mwaka 1895 walitoa kitabu juu ya viota vya ndege wa Uingereza. Maandishi yalikuwa ya Richard, na picha za Cherry zilipigwa huko huko viota vilikokuwa. Zama zile, mtu aliyetaka kumwonyesha mwenziwe ndege wa mwitu aghalabu alimwua akamjaza pamba, au aliyatwaa mayai yake akayapanga katika sanduku. Ndugu hawa walionyesha njia ya tatu: kumwona ndege, kumchukua katika picha, na kumwacha pale pale alipo. Walijificha kwa subira na werevu mwingi. Mwaka 1900 walitumia ngozi ya ng'ombe iliyojazwa ikasimama kama ng'ombe mzima, mpiga picha akiwa tumboni mwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa waliinama kweli kweli.

Tofauti ya kamera na bunduki ilionekana hata katika nchi zetu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuja Afrika ya Mashariki kuwinda. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe. Mwaka huo huo Cherry Kearton alikuwa huku na kamera yake ya sinema, akampiga picha Roosevelt na akawapiga picha wanyama. Mmoja alirudi na ngozi na mafuvu, mwingine alirudi na filamu. Mtu akiitazama tofauti hii hawezi kukataa kwamba kamera ilileta rehema.

Hata hivyo rehema ikilinganishwa na bunduki si rehema timilifu. Imetupasa kuuliza: kwa nini kiotani? Ndege huonekana mtini, majini na angani mwaka mzima. Mbona wapiga picha wengi wa zamani walikimbilia kiota? Jibu ni jepesi. Kamera zao zilikuwa nzito, lenzi zao hazikufika mbali, na ndege hakai kumngoja mtu. Mahali pamoja tu atarudi kwa hakika, tena mara nyingi kwa siku, hata akiogopa: penye mayai yake au makinda yake. Mpiga picha hakuhitaji kumfuata. Alihitaji kujua tu kile asichoweza kukiacha.

Hapa ndipo ilipo kiini cha hoja yangu. Wapenzi wa picha hizi hupenda kusema ya kuwa ndege “alimkubali” mpiga picha, kwa kuwa aliendelea kulisha na kulalia. Neno hilo ni la kupotosha. Kukubali ni tendo la mwenye hiari, na hiari ni kuweza kuondoka. Ndege kiotani hawezi kuondoka bila ya kupoteza kizazi chake. Kubaki kwake si idhini. Ni mapenzi yaliyozidi hofu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mpiga picha asiyefikiri huugeuza uchungu huo kuwa mtego usiohitaji kamba wala ulimbo.

Madhara yenyewe hayaonekani katika picha. Ndege akifukuzwa kiotani, mayai hupoa katika nchi za baridi, na katika nchi za joto huungua kwa jua. Majani yanayofunika kiota yakikatwa ili lenzi ione vizuri, mwewe na kunguru nao wataona vizuri. Makinda walio karibu kukomaa wakishtuliwa huruka nje kabla mbawa hazijakamilika, wakaanguka chini wasirudi. Picha hupigwa katika sehemu ndogo ya sekunde. Haielezi yaliyotangulia, wala haisemi kama saa moja baadaye kiota kilikuwa hai au kitupu. Hadithi ikikatwa kabla ya mwisho wake twasema mwandishi ametunyima. Picha ikikatwa hivyo twaisifu kwa uzuri wake.

Mafundi wema walijua haya, wakajiwekea miiko. Kibanda cha kujifichia husimamishwa mbali, kisha husogezwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Majani hufungwa kando kwa uzi na kurudishwa kazi ikiisha, hayakatwi. Mtu huingia kibandani na mwenzake, kisha mwenzake huondoka peke yake, ndege akadhani hatari imekwenda. Mbinu hizi zina adabu ndani yake, ingawa ya mwisho ni hila pia.

Tumchukue Eric Hosking (1909–1991), Mwingereza aliyepata sifa kubwa katika kazi hii. Mwaka 1937 huko Wales, alipokuwa akiwapiga picha bundi kiotani, bundi mmoja alimrukia usiku na kumjeruhi jicho la kushoto, na jicho hilo likapotea. Hakuiacha kazi, na mwaka 1970 alitoa kitabu cha maisha yake ambacho jina lake, An Eye for a Bird, lacheza na msiba huo. Watu hukisimulia kisa hiki kama kisa cha ushujaa wa msanii. Ushujaa upo, lakini mhakiki asisahau kuwa kisa kina mashujaa wawili. Bundi hakuwa mkorofi. Alikuwa mzazi aliyetoa jibu ambalo ndege wengi hawana kucha za kulitoa.

Picha ya Hosking isifiwayo kuliko nyingine ni ile ya mwaka 1948 ya bundi mweupe akiwa angani, mbawa zimeinuliwa pande zote mbili, na panya wa mashambani mdomoni. Ilipigwa kwa taa ya mmweko wa umeme, wakati chombo hicho kilipokuwa kigeni bado. Kwa umbo ni kazi bora: mbawa zimelingana kama ndege wa nembo ya kifalme, kila unyoya umehesabika. Lakini tazama tena yule panya. Bundi ajilishaye mwenyewe hana haja ya kusafiri na chakula. Abebaye mawindo aghalabu ana wa kumpelekea. Hivyo ndani ya picha hii kuna midomo tusiyoiona, na panya ni alama ya kutuambia wapo. Ukuu wa picha hii kwangu ni kwamba imeonyesha uzazi bila ya kuonyesha kiota. Mtazamaji amepewa safari, hakupewa nyumba. Na nyumba ya mtu, kama tujuavyo, haina budi kubishiwa hodi.

Yuko atakayenijibu kuwa bila ya picha za kiotani watu wasingewapenda ndege, na bila ya mapenzi hayo wasingewalinda. Jibu hili lina uzito. Uingereza ilipotunga sheria ya kulinda ndege mwaka 1954, iliyokataza kutwaa mayai ya ndege wengi wa mwitu, raia wengi walikuwa wamekwisha kuwajua ndege hao kwa picha. Lakini sheria ya mwaka 1981 ilikwenda mbele zaidi: kwa ndege walio adimu, hata kuwasumbua kwa makusudi kiotani ni kosa, na mpiga picha hutakiwa kibali. Mapenzi yaliyoanzishwa na picha yamekua hata yakaipa picha yenyewe mpaka.

Hali ya leo yautaka mpaka huo zaidi. Lenzi ndefu zimeondoa udhuru wa zamani wa kukaribia. Badala yake imekuja simu mfukoni mwa kila mtu, na ndege ndogo zisizo na rubani huning'inia juu ya kiota kama kipanga. Picha moja ikitangaza mahali pa kiota, wa pili na wa mia hufuata. Na subira ya mmoja haiwezi kulipia pupa ya mia.

Katika Ziwa Natron, Tanzania, heroe wadogo hutaga juu ya vichuguu vya tope, katikati ya magadi makali. Leslie Brown, aliyekuwa ofisa wa kilimo Kenya, aliwaona huko mwaka 1954, akajaribu kuwafikia kwa miguu. Magadi yalimchoma miguu hata akalazwa hospitali. Aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1959. Heroe hawakuwa na kucha za bundi, lakini walikuwa na ziwa. Ndege wengi hawana hata moja la haya mawili. Kinga yao ni haya ya mtu tu.

Basi mhakiki apewapo picha ya kiotani aipime kwa maswali matatu. Je, mwili wa ndege umetulia, au umekunjamana kwa hofu na mdomo wazi? Je, majani yaliyo mbele yapo, au yametoweka? Je, mpiga picha ametueleza umbali wake na muda aliokaa, au amenyamaza? Picha ikishindwa katika haya, isamehewe kwa uzuri wake kama vile shairi la uchongezi lisamehewavyo kwa vina vyake: yaani isisamehewe. Jani lililoziba nusu ya kifua cha ndege huitwa dosari na wengi. Sisi na tujifunze kulisoma kama sahihi ya mtu mwaminifu.