Imeshika! Shangazi, imeshika!

Jamani, mikono bado inanuka chuma nami siwezi kuketi! Nimeshuka kutoka juu ya ghorofa sasa hivi, hapa Kangemi, magoti vumbi tupu, nywele zimejaa utando wa buibui, na televisheni yangu... wee! Inang'aa! Inang'aa vibaya sana! Na kisa chote ni eriali. Ndiyo, eriali, lile lidude la mifupa mifupa kama samaki aliyeliwa akabakizwa uti wa mgongo, ulilodhani lilizikwa zamani pamoja na redio ya babu.

Ngoja nianzie Luthuli, kule kwenye maduka ya elektroniki mjini. Luthuli unaijua: spika zinagombana mlango kwa mlango, na kila hatua mtu anakuuliza unatafuta nini. Mimi nilifuata ile eriali ya ndani, nyeusi, nyembamba, laini kama jalada la daftari, ina kijitaa kidogo cha buluu, nzuri nzuri nzuri! Nilikuwa nishaikumbatia. Muuzaji akaniuliza naishi wapi na dirisha linaangalia wapi. Nikamwambia linaangalia ukuta wa jirani. Akanitazama kwa huruma.

"Sista, hiyo ni ya kuangaliwa. Hii ndiyo ya kuangalizia."

Akaniwekea mfupa wa samaki mikononi. Nyepesi! Yaani nyepesi kama mwavuli, baridi, na ukikigusa kijiti kimoja vyote vinatetemeka ting! ting! ting! Boksi limeandikwa "dijitali" kwa herufi kubwa za dhahabu, muuzaji akacheka: hilo ni la kupamba boksi tu, eriali yenyewe haijui dijitali wala analojia, inashika mawimbi basi. Kwa hivyo kama unayo ya zamani yenye vijiti vifupi vifupi hivi, huenda hata hulazimiki kununua! Televisheni ndiyo iwe na king'amuzi cha DVB-T2 ndani, au ukiweke pembeni. Hapo ndipo mwisho wa kukusumbua kwa herufi.

Nikapanda nayo matatu, nimeilaza mapajani kama mtoto, Westlands hiyoo, Waiyaki Way hiyoo, kila anayepita inamkwaruza, natabasamu tu.

Sasa juu ya ghorofa. Upepo! Kamba za nguo, shuka za watu zinanipiga usoni, mimi na bomba na waya wa kufungia. Niielekeze wapi? Limuru, mpenzi, Limuru! Mitambo ya kurushia matangazo iko kule juu kwenye mashamba ya chai, maana yake sisi wa upande huu, Kangemi, Uthiru, Kinoo, tumekaa sebuleni kwa mitambo yenyewe! Ukipotea, tazama eriali za majirani: zote zimeangalia upande mmoja kama waumini.

Na unakumbuka ule wimbo wa utotoni? Mmoja juu ya paa, mwingine mlangoni. "Imeshika?" "Bado!" "Na sasa?" "Baadooo!" Basi mpwa wangu alikuwa chini, simu sikioni. Bado. Nikageuza kidogo. Bado. Zamani ungeona chenga na vivuli ukajua unakaribia, lakini dijitali haina huruma ya nusunusu: ama picha kamili ama giza. Nikageuza upana wa kidole kimoja, kimoja tu... "Imeshika! Shangazi, imeshika!" Nusura niteleze nianguke na shuka la mtu!

Nikashuka ngazi mbili mbili. Saa moja jioni, taarifa ya habari ya Kiswahili, na mtangazaji yuko pale, karibu, safi, angavu, nahesabu nyuzi za kitenge chake! KBC, Citizen, NTV, KTN, Inooro, zinamiminika, na bado! Mpira: nyasi zina majani, kila moja na lake! Mvua ikapiga mabati ya jirani, nikashika roho, picha haikutikisika. Na bado! Hakuna bando, hakuna kulipa mwisho wa mwezi, hakuna kile kiduara cha kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mimi niliyenuna Februari 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa Nairobi na Citizen, NTV na KTN zikapotea hewani hadi Machi, nikaapa sitagusa eriali tena! Nilijinyima nini miaka yote hii?

Wewe wa katikati ya mji uliyezingirwa na majengo marefu, utahangaika zaidi kutafuta mwanya, sikudanganyi. Lakini panda juu kabisa, juu ya kila kitu, uangalie Limuru.

Nenda Luthuli Jumamosi hii hii. Ila pima waya kwanza, kutoka juu hadi kwenye televisheni, uongeze kidogo. Wangu ulipungua mita mbili, na ndiyo maana televisheni yangu sasa iko jikoni.